Klon Centaur, Miigo Yake na Zile za Kughushi: Maelezo kwa Wateja Wetu Wapiga Gitaa

Katika karakana yetu ya kutengeneza gitaa za umeme, ampu (vikuza sauti) na pedali (visanduku vya kubadilisha sauti ya gitaa vinavyowashwa kwa mguu) hapa Dar es Salaam, hakuna kifaa kinachotuletea maswali mengi kama pedali moja ya rangi ya dhahabu yenye picha ya kiumbe wa hadithi za Kigiriki, aliye mtu kuanzia kiunoni kwenda juu na farasi kuanzia kiunoni kwenda chini. Jina lake ni Klon Centaur. Karibu wapiga gitaa wote wanaotujia hawajawahi kuigusa iliyo ya asili, lakini wote wameisikia sifa yake, na wengi wao wana mojawapo ya miigo yake ndani ya begi. Maswali yao tumeyajibu mara nyingi kwa mdomo, tukiwa tumeshika chuma cha kulehemu mkononi na foleni ya wateja nyuma yao, na tumeona kwamba majibu ya haraka namna hiyo hayamtendei haki mtu anayekusudia kutoa fedha zake. Kwa hiyo tunayaandika hapa kwa utulivu.

Kilichotusukuma hasa ni kijana mmoja, mpiga gitaa la solo wa kwaya, aliyeingia karakana akiwa amefunga pedali yake katika kitambaa kama mtu aliyebeba yai. "Shikamoo fundi," alisema, "naomba uniangalizie tu kama hii ni yenyewe." Alikuwa ameinunua kwa muuzaji wa mitandaoni aliyemhakikishia kwamba ni Centaur ya asili iliyotoka Marekani, na bei aliyolipa ilizidi thamani ya gitaa lake na ampu yake kwa pamoja. Wanakwaya wenzake walikuwa wamemchangia. Tulifungua mfuniko wa chini mbele yake. Ndani kulikuwa na gundi nyeusi, kama inavyosimuliwa kuhusu pedali za asili, ila gundi hiyo ilikuwa laini na iliachia kwa kuguswa na ukucha tu. Chini yake tulikuta bao la saketi lenye vipuri vidogo mno vilivyobandikwa na mashine juu ya uso wa bao, ilhali Centaur iliundwa kwa vipuri vya kawaida ambavyo miguu yake hupenya kwenye matundu ya bao na kulehemiwa upande wa pili. Haikuwa yenyewe. Tulipoichomeka kwenye ampu, hata hivyo, ilitoa sauti nzuri, na hilo ndilo lililotuuma zaidi, kwa sababu pedali yenye saketi ileile na sauti ileile, ikiuzwa kwa jina lake lenyewe, angeipata kwa sehemu ndogo sana ya fedha alizotoa.

Ili mtu aelewe tofauti kati ya ya asili, mwigo na ya kughushi, ni lazima kwanza ajue pedali hii ilitoka wapi na ilikusudiwa kufanya nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Bill Finnegan, muundaji wake, alikuwa akipiga gitaa aina ya Telecaster kwenye kumbi za Boston, katika jimbo la Massachusetts, akitumia ampu ya Fender Twin Reverb. Ampu hiyo ni ya valvu, yaani zile taa za kioo ambazo wazee wetu wanazikumbuka kwenye redio za zamani, na ina nguvu ya wati 85. Valvu zina tabia moja inayopendwa sana na wapiga gitaa: ukizifungulia hadi karibu na kikomo chake, sauti hunenepa na kuanza kukwaruza kwa namna laini inayofuata mkono wa mpigaji, ukigonga kwa upole inasafika, ukigonga kwa nguvu inanguruma. Shida ni kwamba Twin Reverb ikifikishwa hapo, ukumbi mdogo haukaliki. Finnegan alitaka kisanduku kitakachompa sauti ya ampu iliyofunguliwa bila kuifungulia, na pedali zilizokuwa sokoni hazikumridhisha.

Maarufu kati ya hizo ilikuwa Tube Screamer ya Ibanez, iliyoundwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo nayo ina wajukuu na vitukuu wasiohesabika. Tube Screamer hupunguza besi kabla ya kuikwaruza sauti, kuanzia takriban masafa ya hezi 720 kushuka chini, na matokeo yake ni sauti ya katikati iliyojitokeza mbele, nzuri kwa solo katikati ya bendi yenye vyombo vingi, lakini iliyobanwa kwa mtu anayetaka gitaa lake lisikike kwa upana wake wote. Sisi tunaipenda Tube Screamer na hatumshauri mtu aitupe. Hata hivyo ni vyema kujua kwamba Centaur ilizaliwa na mtu aliyetaka kitu kingine.

Finnegan hakuwa mhandisi. Alishirikiana na Fred Fenning, aliyesomea uhandisi katika chuo cha MIT, na kazi yao ikachukua miaka isiyopungua minne hadi pedali ya kwanza ilipouzwa mwishoni mwa mwaka 1994. Kuanzia hapo hadi mwaka 2008 hivi, Finnegan aliziunda kwa mkono wake mwenyewe, moja baada ya nyingine, na jumla yake ikawa karibu 8,000. Kasha lake lilisubiwa kwa alumini katika kalibu iliyotengenezwa kwa ajili ya pedali hiyo peke yake, nobu zake zilikuwa za rangi ya damu ya mzee, na wateja walisubiri kwa wiki nyingi hadi zamu yao ilipofika. Katika miaka ya mwisho bei yake ilikuwa dola 329 za Marekani. Leo ikiuzwa mkono kwa mkono haipungui dola elfu kadhaa, na katika fedha hizo muundaji hapati hata senti. Jambo hilo lilimkera kiasi kwamba alipotoa pedali mpya iitwayo KTR mwaka 2012, iliyotengenezwa kiwandani kwa saketi ileile, aliiandika juu ya kasha sentensi ya kuwaomba watu wakumbuke kwamba makelele yaliyopita kiasi, yanayowaudhi wengi, hayakuanzishwa na yeye. Tunaiheshimu sana sentensi hiyo. Mtu aliyekaa mezani kwa miaka kumi na minne akilehemu pedali moja moja ana haki ya kuiandika.

Sasa tuingie ndani ya kasha, kwa kuwa hapa ndipo penye jibu la maswali mengi.

Centaur ina nobu tatu, Gain (mkwaruzo) upande wa kushoto, Treble (sauti za juu) katikati na Output (ukubwa wa sauti inayotoka) kulia. Mawimbi ya umeme kutoka kwenye gitaa huingia kwanza kwenye bafa, ambayo ni nusu ya chipu moja ya TL072. Kazi ya bafa ni kuyapokea mawimbi hayo dhaifu bila kuyaelemea na kuyapeleka mbele yakiwa na nguvu ya kusukuma waya mrefu. Baada ya bafa njia hugawanyika. Sehemu moja huenda kukuzwa na kisha kukutana na dayodi mbili (vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) za madini ya gerimani, zilizopangwa kuelekea pande tofauti, ambazo hukata vilele vya mawimbi yanayozidi kiasi cha volti 0.3; huko kukatwa ndiko kunakoleta mkwaruzo. Sehemu nyingine hupita pembeni ikiwa safi, haigusi dayodi kabisa, na huchanganywa na ile iliyokwaruzwa karibu na mlango wa kutokea. Ujanja mkubwa upo chini ya nobu ya Gain, ambapo potensiometa, yaani vipuri vya kuongeza na kupunguza kwa kuzungusha, ni mbili zilizoungwa kwenye mhimili mmoja. Ukiizungusha kwenda kulia, moja inaongeza mkwaruzo na nyingine papo hapo inapunguza sauti safi. Kwa hiyo nobu hiyo, ingawa imeandikwa kama kipimo cha mkwaruzo, kwa hakika ni mizani kati ya sauti mbili, na ndiyo maana hata ikifunguliwa nusu bado unasikia kila uzi peke yake hata nyuzi kadhaa zikipigwa kwa pamoja.

Jambo la pili la kipekee ni umeme wa ndani. Pedali hulishwa volti 9, lakini ndani yake kuna chipu ndogo aina ya MAX1044 inayoufanya umeme huo uwe mara mbili upande wa chanya, takriban volti 18, na papo hapo kuzalisha volti 9 upande wa hasi. Hatua ya mwisho ya saketi hufanya kazi ikiwa na karibu volti 27 kutoka chini hadi juu. Nafasi hiyo kubwa inaiwezesha pedali kutoa mawimbi makubwa yasiyokatika, yenye uwezo wa kuisukuma valvu ya kwanza ya ampu hadi ianze kulalama yenyewe. Tunaomba wateja wetu walitafakari hili kabla ya jambo lingine lolote: sehemu kubwa ya sauti iliyoifanya Centaur isifiwe hutokea ndani ya ampu. Pedali inasukuma, na ampu ndiyo inayoimba. Wengi wa waliojulikana kwa kuitumia waliweka Gain chini sana na Output juu, na katika mkao huo zile dayodi za gerimani, zinazosimuliwa kana kwamba zilichimbwa mahali patakatifu, huwa hazifanyi kazi kubwa, kwa kuwa mawimbi hayajafika kimo cha kukatwa.

Dayodi zenyewe, tusizidharau. Finnegan alijaribu aina nyingi kabla ya kuchagua, akanunua akiba yake na kuinyamazia chapa yake. Gerimani hukata kwa upole zaidi kuliko silikoni, ambayo husubiri hadi karibu volti 0.6, na mtu anayefungulia Gain zaidi ya nusu anaweza kuisikia tofauti hiyo. Tunachokataa ni dai kwamba bila dayodi zile hasa hakuna sauti ile. Potensiometa za kawaida hutofautiana hadi asilimia 20 kutoka kiwango kilichoandikwa, kwa hiyo hata Centaur mbili za asili zilizotoka meza moja wiki moja zinaweza zisilingane ukiweka nobu zake mahali palepale.

Finnegan hakuilinda saketi yake kwa hataza, yaani hati ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi. Aliilinda kwa gundi: bao lilimwagiwa epoksi nyeusi iliyoganda kama jiwe, ili anayetaka kusoma vipuri vilivyo chini avunje kwanza. Walitokea waliovunja. Kufikia mwaka 2008 hivi, mchoro kamili wa saketi ulikuwa umechorwa upya kipuri kwa kipuri na kusambaa kwenye intaneti, na kuanzia hapo mlango ulifunguka. Electro-Harmonix ya New York ilitoa Soul Food kwa bei ya chini ya dola 100. J. Rockett ilitoa Archer, Wampler ikatoa Tumnus ndani ya kasha dogo, Ceriatone ya Malaysia ikatoa Centura inayofanana na ya asili hata kwa umbo, na viwanda vya China vikaleta NUX Horseman na Mosky Golden Horse, hii ya mwisho ikipatikana kwa dola 30 hivi. JHS ilitoa Notaklön, ambayo mnunuzi huiunganisha mwenyewe nyumbani bila kulehemu. Hata waundaji wa vifaa vya kidijitali wameiweka ndani ya mashine zao. Kwenye Helix ya Line 6, kwa mfano, imepewa jina la Minotaur. Utaona jinsi majina mengi yanavyozungukia farasi, wapiga mishale na viumbe wa hadithi, ili mnunuzi aelewe kinachoigwa bila jina la mwenyewe kutajwa.

Hao wote ni waigaji, na sisi hatuna neno baya juu yao. Saketi isiyolindwa kwa hataza inaweza kuundwa na yeyote, na kila mmoja wao ameandika jina lake juu ya kasha. Jina na sura ya bidhaa ni jambo tofauti. Mwaka 2024, Behringer ilipotangaza pedali ya bei nafuu iliyoitwa Centaur na kubeba picha ya kiumbe yuleyule, Finnegan alifungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko Massachusetts akidai kwamba alama yake ya biashara imetumiwa, na baadaye pedali hiyo ikabadilishwa jina. Anayeghushi huenda mbali zaidi ya hapo: huandika jina la Klon, huchora farasi, humimina gundi, kisha humwambia kijana wa kwaya kwamba anamuuzia urithi.

Je, mnunuzi ataitambuaje ya kughushi? Hatutampa orodha ya alama za siri, kwa sababu kila alama ikishatajwa hadharani wanaoghushi nao huisoma. Gundi si ushahidi tena, kama tulivyoona. Rangi pia si ushahidi, maana za asili zilitolewa za dhahabu na za fedha, zenye picha na zisizo na picha. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba pedali iliyoundwa 8,000 tu duniani, inayouzwa kwa maelfu ya dola mahali inakojulikana, haitauzwa kwa bei ya pikipiki iliyotumika na mtu asiyeweza kueleza aliipata kwa nani na lini. Historia ya umiliki ina uzito kuliko picha kumi za kasha. Na muuzaji anayekataa mfuniko wa chini ufunguliwe mbele ya fundi amekwisha kukujibu.

Kwa upande wa sauti, tumefanya jaribio ambalo tunampa kila mteja anayetaka. Tunaweka pedali tatu nyuma ya ubao, mwigo wa bei ya chini, mwigo wa bei ya kati na KTR, na yeye anapiga bila kujua ipi inafanya kazi. Mwanzoni hatukuwa makini na usawa wa sauti, na tuliona kwamba pedali iliyozidi wenzake kwa ukubwa wa sauti, hata kidogo sana, ndiyo iliyosifiwa kuwa na uhai na upana. Tulipoanza kuzilinganisha kwa kipimo kabla ya kuanza, wapigaji wazoefu walianza kusitasita, wakabadilisha majibu, na wengine wakaichagua ya bei ya chini kwa moyo mmoja. Tofauti zipo, hatusemi hazipo. Lakini ni ndogo kuliko tofauti inayoletwa na kubadilisha nyuzi zilizochakaa, na wateja wetu wengi wana nyuzi zilizochakaa.

Lipo jambo linalowahusu sana wapigaji wa hapa kwetu kuliko wale wa Boston. Makanisani na kwenye bendi nyingi, gitaa halipiti kwenye ampu. Linachomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti za vyombo vyote, na kutoka kwenye spika kubwa za ukumbi. Spika ya ampu ya gitaa haitoi sauti kali za juu, huanza kuzipunguza kwa kasi baada ya hezi 5,000 hivi, na upungufu huo ndio unaoufanya mkwaruzo uwe mtamu masikioni. Spika za ukumbi hutoa kila kitu. Kwa hiyo pedali yoyote ya ovadraivu, yaani ya kukwaruza sauti, iwe ya dola 30 au ya dola 5,000, ikichomekwa moja kwa moja kwenye mikisa na kufunguliwa Gain, itasikika kama nyuki ndani ya debe. Wateja wengi wametuletea pedali nzima kabisa wakiamini ni mbovu kwa sababu hiyo. Dawa yake ni kuweka mwisho wa mnyororo kifaa kinachoiga spika ya gitaa, au kuweka maikrofoni mbele ya ampu ndogo, na ikiwa hayo hayawezekani, kupunguza sana masafa ya juu kwenye mikisa. Tunapendelea kumwuzia mteja kiigizi cha spika pamoja na mwigo wa bei nafuu kuliko kumwuzia mwigo wa bei ghali peke yake.

Kwa upande mwingine, kuna faida ambayo mpigaji wa rumba, dansi au benga anaweza kuipata kutoka kwenye saketi hii bila kutumia mkwaruzo hata kidogo. Waya wa gitaa hula sauti za juu kadiri unavyorefuka. Kila mita moja huongeza takriban pikofaradi 100 za kapasitansi, yaani uwezo wa waya kuhifadhi chaji ya umeme, na mpigaji aliyesimama mita 10 kutoka kwenye mikisa amekwisha kupoteza sehemu ya mng'aro wa solo yake kabla haijafika. Bafa ya Centaur huondoa tatizo hilo, na katika pedali ya asili na miigo inayoifuata kwa uaminifu, bafa hiyo hubaki ikifanya kazi hata pedali ikiwa imezimwa kwa mguu. Weka Gain chini kabisa, Treble katikati, Output juu kidogo ya usawa, na gitaa safi litapata mwili bila kupoteza usafi wake. Baadhi ya miigo, pamoja na KTR, ina swichi ya kuiondoa bafa pedali inapozimwa. Kwa mtu mwenye waya mrefu tunashauri bafa iachwe.

Tumalizie na magonjwa tunayoyatibu zaidi. La kwanza na la kusikitisha kuliko yote ni umeme usiofaa. Ile chipu ya MAX1044 haistahimili zaidi ya volti 10.5. Mtu akichomeka adapta ya volti 12 ya redio, au ya volti 18 aliyoazima kwa mwenzake kwa sababu amesikia kwamba pedali za gitaa hunoga zikilishwa volti nyingi, chipu huungua papo hapo, na wakati mwingine huondoka na TL072 inayoifuata, kwa kuwa volti 12 zikikuzwa kwa njia ileile hufikia jumla ya 36, ambayo ndiyo kikomo cha chipu hiyo. Adapta sahihi ni ya volti 9, ya mkondo mnyoofu (DC), yenye ncha ya ndani hasi. Adapta nyingi za vifaa vya nyumbani zina ncha ya ndani chanya, na nyingine hutoa mkondo geu (AC), ingawa plagi yake inaingia vizuri kabisa kwenye tundu. Tafadhali soma mchoro mdogo ulio kwenye lebo ya adapta kabla ya kuichomeka, na ukiwa na shaka ituletee tuipime, hatutozi chochote kwa kupima. Adapta nyepesi za bei ya chini huandikwa volti 9 lakini zikiwa hazijabeba mzigo hutoa zaidi ya hapo, na umeme wa mtaani unapopanda nazo hupanda nao.

Ugonjwa wa pili ni mluzi. Chipu inayozidisha volti hufanya kazi kwa kuwasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Katika muundo wa asili imeunganishwa kwa namna inayoipandisha kasi hiyo hadi juu ya uwezo wa sikio la binadamu. Katika baadhi ya miigo ya bei ya chini, muundaji ameweka chipu inayofanana nayo lakini isiyo na mguu wa kupandisha kasi, nayo huzunguka kwa kiasi cha hezi 10,000, ambazo kijana huzisikia waziwazi kama mbu sikioni, ilhali mtu wa makamo anaweza asizisikie kabisa na kumwona mwenzake anazusha. Tunabadilisha chipu hiyo na kuweka inayostahili, kazi isiyozidi nusu saa, na mluzi hutoweka. Ikiwa bao ni la vipuri vile vidogo vya kubandikwa, kazi huchukua muda zaidi.

Mengine ni ya kawaida: nobu ya Gain inayokwaruza ikizungushwa au kuruka ghafla kutoka sauti safi hadi mkwaruzo mkali, ambayo maana yake ni kwamba moja ya potensiometa mbili imechakaa kuliko pacha wake na lazima zibadilishwe kwa pamoja, swichi ya mguu iliyojaa vumbi, tundu la waya lililolegea kwa sababu pedali hukanyagwa waya ukiwa umechomekwa. Vipuri vya haya yote tunavyo.

Pedali ya asili, ikiwa kweli ni ya asili, hatutaifungua gundi yake. Tutapima kinachopimika kwa nje, tutasafisha swichi na matundu, na kama tatizo liko chini ya epoksi tutamweleza mwenyewe wazi, kwa kuwa kuivunja kunaweza kuipotezea thamani kubwa kuliko gharama yoyote ya matengenezo.

Yule kijana wa kwaya hakurudishiwa fedha zake; muuzaji aliufunga ukurasa wake siku aliyopigiwa simu. Pedali yake tuliisafisha gundi, tukaibadilishia chipu iliyokuwa ikipiga mluzi, tukaifuta maandishi ya uongo juu ya kasha kwa msasa na kuipaka rangi nyeusi. Anaipiga kila Jumapili, Gain ikiwa imezibwa karibu yote, kupitia kiigizi cha spika alichokinunua baadaye. Anayetaka yake iangaliwe aje nayo pamoja na adapta anayoitumia kila siku, waya wake na gitaa lake, kwa sababu mara nyingi ugonjwa huwa katika kimojawapo cha vitu hivyo.